Hati ni yako, lakini ploti inaruhusiwa nini?

Mabango ya "Ploti zinauzwa, hati iko tayari" yamejaa kando ya barabara, Lanet na Kiamunyi kule Nakuru, Mamboleo na Kajulu huku Kisumu. Hati ikiwa tayari ni jambo jema, ila inajibu swali moja tu: ardhi ni ya nani. Swali la pili, ardhi hiyo inaruhusiwa kufanyiwa nini, lina jibu lake kwenye karatasi nyingine, na wengi hulikumbuka msingi ukiwa umeshamwagwa na alama nyekundu ya X, ya kubomolewa, imeshachorwa ukutani.

Kifungu cha 40 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda haki yako ya kumiliki. Kifungu cha 66 kinaipa serikali uwezo wa kusimamia matumizi ya ardhi yoyote, hata ya mtu binafsi, kwa sababu kama usalama wa umma, afya na mipango ya matumizi ya ardhi. Kazi ya kupanga iko mikononi mwa kaunti, na utaratibu wake umo katika Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kifungu cha 57 cha sheria hiyo kinakataza kuendeleza ardhi bila kibali cha kaunti. Ukipatikana na hatia, faini ni hadi shilingi 500,000 au kifungo hadi miezi 2, au vyote viwili, na unaweza kuamriwa uirudishe ardhi ilivyokuwa kwa gharama yako.

Neno la kuangaliwa hapo ni "kuendeleza". Kisheria halimaanishi kujenga peke yake. Linajumuisha mabadiliko makubwa ya matumizi, kwa hiyo mtu anaweza kuvunja sheria bila kuongeza hata tofali moja: nyumba ya kuishi mtaa wa Milimani ikigeuzwa baa, au boma la shamba likigeuzwa hosteli ya wanafunzi.

Makubwa ni makubwa kiasi gani? Hapa ndipo tafsiri inapoanza, na ndipo inasaidia kujua kila kanuni iliwekwa kuzuia nini. Kanda ya makazi, yaani eneo ambalo mpango wa kaunti umelitenga kwa nyumba za kuishi, imewekwa ili watu walale usiku, watoto wavuke barabara salama, na maji taka yasizidi uwezo wa bomba au shimo. Basi unapopima biashara ya nyumbani, usiulize inaitwaje. Uliza inaleta magari mangapi, inafunga saa ngapi, imeajiri watu wangapi wasioishi hapo, imekula vyumba vingapi, na inamwaga maji kiasi gani. Fundi wa nguo mwenye cherehani moja sebuleni hajabadilisha tabia ya nyumba. Cherehani 8, vijana 6 wa kazi na lori la vitambaa kila wiki ni kiwanda, hata kama bango la nje linasema "ushonaji wa nyumbani". Afisa mipango akija, ataangalia mambo hayo hayo.

Kabla ya kitu kingine chochote, weka karatasi tatu mezani: hati pamoja na masharti yake, mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti kwa eneo hilo, na vibali vilivyowahi kutolewa kwa ploti yenyewe. Zote tatu lazima zikubaliane. Zikipingana, fuata iliyo kali zaidi hadi uirekebishe rasmi.

Kama ardhi ni ya kukodishwa na serikali kwa miaka maalum, geuza kurasa hadi kwenye masharti maalumu. Hati nyingi za mjini zina mstari unaosema ploti ni ya nyumba moja ya kuishi tu, na mwingine unaotaja sehemu ya ploti inayoweza kufunikwa na majengo. Za zamani hata huweka muda: michoro iwasilishwe ndani ya miezi 6, jengo likamilike ndani ya miezi 24. Mpango mpya wa mji unaweza kuruhusu fleti kwenye mtaa huo, lakini mpango haufuti sharti lililo ndani ya hati. Mtu hupata michoro ikapitishwa, kisha anakwama benki kwa sababu wakili wa benki amesoma sharti ambalo yeye hakulisoma.

Kama ardhi ni ya umiliki wa kudumu, kosa huwa la upande wa pili. Sehemu kubwa za Nyalenda, Manyatta na Kogony ni ardhi ya ukoo iliyojikuta ndani ya jiji la Kisumu, na utasikia mzee akisema, "Hili ni shamba la babu, kaunti haina neno hapa." Heshima kwa mzee, lakini umiliki wa kudumu unakuondolea mkodishaji, haukuondolei kanuni za matumizi. Kibali kinahitajika vilevile.

Njoro karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, na Maseno vilevile, mkanganyiko mkubwa ni kati ya idhini ya bodi ya ardhi na kibali cha kubadilisha matumizi. Bodi inaangalia muamala: kuuza, kugawa au kuweka rehani ardhi ya kilimo. Ombi linatakiwa kufika kwa bodi ndani ya miezi 6 tangu makubaliano kufanyika. Haiidhinishi hosteli. Ukiwa na idhini ya bodi na hati mpya ya robo ekari, ardhi yako bado ni ya kilimo mpaka kaunti ibadilishe matumizi.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo inayoumiza mfuko. Kila kanda ina vipimo vitatu vya msingi: sehemu ya ploti inayoweza kufunikwa na jengo, jumla ya sakafu zote ukilinganisha na ukubwa wa ploti, na umbali wa kuacha wazi mbele, pembeni na nyuma. Vyote vinatumika kwa pamoja, na kile kinachobana zaidi ndicho kinachotawala.

Chukua ploti ya futi 50 kwa 100. Wauzaji huiita thumuni ya ekari, lakini thumuni kamili ni futi za mraba 5,445 na hiyo ni 5,000 tu. Kwa mita ni 15.24 kwa 30.48, yaani takriban mita za mraba 464. Tuseme kanda inaruhusu kufunika asilimia 50, sakafu zote zisizidi asilimia 100 ya ploti, na uache mita 6 mbele, 3 nyuma na 1.5 kila upande. Ukiondoa hizo nafasi, unabaki na kisanduku cha mita 12.24 kwa 21.48, karibu mita za mraba 263. Lakini asilimia 50 ni 232. Kwa hiyo kinachobana ni kiwango cha kufunika. Na sakafu zote zikiwa 464, una ghorofa mbili za 232 kila moja, au nne za 116. Anayekuambia "hapa unaweka ghorofa nne" hajakudanganya, ila hajakwambia kila ghorofa itakuwa nusu ya ile uliyokuwa ukiiwaza.

Rudia hesabu hiyo kwa ploti ya futi 40 kwa 80. Ukubwa ni takriban mita za mraba 297, nusu yake karibu 149. Ukiacha nafasi zile zile unabaki na mita 9.19 kwa 15.38, yaani 141. Safari hii kinachobana ni nafasi za kuacha wazi. Ndiyo maana mchoro ulionunuliwa mtandaoni kwa ajili ya ploti kubwa haupunguzwi tu kwa kalamu. Takwimu hizi ni za mfano. Chukua za kanda yako kutoka ofisi ya mipango kwa maandishi, kisha fanya hesabu mwenyewe kabla ya kumlipa msanifu.

Zile nafasi wazi watu huziona kama ardhi iliyoibwa. Ya mbele inapitisha bomba la maji, nguzo ya stima na upanuzi wa barabara. Ya pembeni inazuia moto usiruke kutoka paa hadi paa na inaruhusu dirisha kupata hewa. Upana wa barabara ya kuingilia nao una sababu: gari la zimamoto au la kunyonya choo lazima lifike na ligeuze. Ploti iliyo mwisho wa kichochoro cha mita 3 italipiwa bei hiyo siku shimo la choo litakapojaa.

Na choo kinastahili neno zaidi. Pasipo na mfereji wa maji taka, idadi ya nyumba kwenye ploti hutegemea udongo. Nyalenda maji ya ardhini yako juu, na udongo mweusi wa mfinyanzi haunywi maji. Shimo la kunyweshea maji taka ardhini hujaa msimu wa mvua na kumwaga kwa jirani. Nakuru ni kinyume: udongo wa volkano hunywa haraka mno, na kinachopotea kinaelekea kwenye maji ya chini na kwenye ziwa ambalo halina mto wa kutokea. Ukinyimwa kibali cha vyumba 20, mara nyingi hapo ndipo sababu ilipo. Mwombaji anayejua hivyo harudi kulalamika. Anarudi na mpango wa kusafisha maji taka, au na mchoro wa vyumba 12.

Kando ya mto, kanuni za ubora wa maji za 2006 zinataka uache upana sawa na wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30, kila upande. Kosa la kawaida kando ya mito Auji na Kisat ya Kisumu, au mto Njoro wa Nakuru, ni kupima kutoka maji yalipo mwezi wa Januari. Kipimo huanzia pale mafuriko makubwa yaliyorekodiwa yalipofika. Waliojenga karibu na Dunga walielewa tofauti hiyo mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda. Karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu kuna la ziada: urefu wa jengo unahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Ukiamua kubadilisha matumizi, tafuta mpangaji miji aliyesajiliwa aandike ripoti ya maombi. Ambatisha hati, matokeo ya karibuni ya upekuzi wa hati, ramani ya eneo na risiti ya kodi ya ardhi isiyo na deni. Deni la kodi linaweza kurudisha faili. Umma lazima ujulishwe ili mwenye pingamizi aliwasilishe, kwa hiyo bango la ombi libandikwe kwenye ploti panapoonekana na upige picha zenye tarehe. Miradi mikubwa huhitaji pia leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Sheria inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kimetolewa. Usianze kuchimba siku ya 61 kwa kutegemea mstari huo pekee. Utahitaji kuonyesha kwamba faili lilikuwa kamili na lilipokelewa lini, kwa hiyo kila karatasi unayopeleka ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uratibu ya mipango ya kaunti, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 huisha haraka ukiwa bado unazungushwa na broka.

Kama wewe ndiye jirani unayepinga, usiandike tu "hatutaki". Taja kanuni na madhara: urefu unaozidi wa kanda, magari yasiyo na pa kuegesha, bomba la inchi 6 linalohudumia nyumba 40 tayari. Pingamizi lenye vipimo hupata majibu yenye vipimo.

Na kabla ya kulipa hata arbuni, andikia ofisi ya mipango ukitaja namba ya ploti na uulize manne: iko kanda gani, vipimo vyake vitatu ni vipi, kuna kibali au ilani yoyote iliyowahi kutolewa juu yake, na je, inaguswa na hifadhi ya barabara, reli, mto au njia ya umeme. Jibu likija, liambatishe kwenye mkataba wa mauziano, pamoja na kipengele kwamba fedha zitarudishwa ikiwa matumizi unayoyataka hayaruhusiwi.