Maswali ya Wasomaji: Nishani kwa mchangishaji wa mtaani

SWALI: Hapa Leicester tuna mama wa Kiswahili anayechangisha fedha za wagonjwa kwa miaka mingi. Tufanyeje apate nishani ya Uingereza?

JIBU: Inayomfaa zaidi ni medali ya BEM (British Empire Medal, yaani Medali ya Dola ya Uingereza), iliyorejeshwa mwaka 2012 kwa wanaohudumia jamii zao. Yeyote anaweza kumpendekeza, bila malipo, kwa fomu ya serikali mtandaoni. Ambatanisheni barua mbili za watu wanaoijua kazi yake.

Kwenye barua ndiko wengi wanakokwama. "Ni mkarimu, mcha Mungu, hachoki" haimsaidii kitu. Andikeni alianza lini, alikuta hali gani, amekusanya pauni ngapi, zilinunua nini, na nani angekosa huduma bila yeye. Barua ya muuguzi na ya jirani zisinakiliane. Kila mmoja aeleze alichokiona.

Msingoje apumzike, kwani anatakiwa awe bado anaifanya kazi hiyo. Tathmini huchukua angalau miezi 12. Na mwenyewe asiambiwe, jambo ambalo, kwa makundi yetu ya WhatsApp, sijui mtaliwezaje.