Simbilisi anayechechemea

Ndugu, umeuliza kwa nini simbilisi wako anachechemea na manyoya yamevurugika, ilhali chakula cha sungura anakimaliza. Nadhani tatizo liko hapohapo. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hautengenezi vitamini C. Sungura hujitengenezea, ndiyo maana chakula chake hakitoshi. Ikipungua, viungo huvimba na fizi hutoa damu. Wangu ukimgusa goti tu alikuwa anapiga kelele.

Mpe kipande cha pilipili hoho kila siku. Ile vitamini ya kutia majini usihangaike nayo, huharibika upesi. Nyasi kavu zisikose, maana meno yake hayaachi kukua. Ila akigoma kula, usingoje kesho, mkimbize kwa daktari wa mifugo.