Laini Mbili, Njia Moja

SWALI: Ofisi yetu hulipia intaneti ya kampuni mbili ili moja ikikatika nyingine ishike zamu. Mbona tarehe 12 Mei 2024 zote zilizorota pamoja?

JIBU: Siku hiyo mikongo miwili ya baharini (nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari), EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na huenda kampuni zenu zote zilipitia humo, ankara mbili, njia moja. Waulizeni, kwa maandishi, wanatumia mkongo upi.

Kagueni pia ruta, kifaa kinachogawa intaneti ofisini, kwani baadhi ya ruta huhamia laini ya akiba pale tu taa ya waya inapozimika, ilhali hitilafu yaweza kuwa mbali baharini. Ipangeni ipime kila baada ya sekunde chache kama seva ya nje (kompyuta iliyo mbali kwenye intaneti) inajibu, kisha ijaribuni kwa kuchomoa waya unaoingia kutoka nje kwenye modemu (kifaa kinachopokea laini ya kampuni), si ule unaotoka modemu kwenda ruta.