Jibu la "wakati" lilimtoka Bilbo kwa bahati

Unasema Bilbo, yule shujaa wa riwaya ya Tolkien, The Hobbit, alikitegua kwa akili kitendawili cha wakati? La, ndugu yangu, hakukitegua kwa akili. Kile kitendawili cha kitu kilacho kila kitu, ndege, wanyama, miti hata chuma, alitega Gollum, kiumbe akaaye gizani chini ya milima, na jibu ni wakati. Lakini soma vizuri sura ya 5 ya The Hobbit: Gollum keshashuka mashuani, macho yake yanamsogelea gizani, Bilbo ulimi umemganda. Akataka kulia aongezewe wakati, likatoka neno lenyewe tu, "Wakati! Wakati!" Ikawa ndilo. Sura hii tumeirudia mara nyingi mno barazani huku Mji wa Kale, na hapo ndipo kila mtu hunyamaza. Sisi ukishindwa unatoa mji, mchezo unaendelea. Yeye angeshindwa angeliwa!

Ila ukibishana na mtu juu ya dau la mchezo huo, yaani apatacho Bilbo akishinda, muulize kwanza ana chapa gani ya kitabu. Katika ile ya 1937 Bilbo akishinda hupewa zawadi, nayo ilikuwa ile pete ya kumfanya mtu asionekane. Dau la kuonyeshwa njia ya kutokea liliingia na chapa ya 1951.