Kabla ya kumwachisha binti yako chuo

Ndugu mzazi, umeeleza kwamba mwalimu wake wa shule amekushauri umwachishe binti yako chuo cha Qur'ani, kwa kuwa anakariri vizuri lakini haulizi maswali darasani, nawe unahofu kwamba akili yake imedumaa. Naomba usiharakishe.

Wanasaikolojia Sylvia Scribner na Michael Cole, katika utafiti wao kwa watu wa kabila la Wavai nchini Liberia uliochapishwa mwaka 1981, waliona kwamba waliosoma Qur'ani waliwazidi wenzao hasa katika kukumbuka maneno yaliyoongezwa moja baada ya jingine kwa mpangilio, jambo linalofanana sana na kuhifadhi aya, ilhali uwezo wa kueleza sababu za jibu ulihusiana zaidi na masomo ya shule. Chuo, basi, kinamjengea stadi moja bila kumnyang'anya nyingine.

Ukimya wake nao huenda ni adabu, kwani mtoto aliyefunzwa kutomkatiza mkubwa hawezi kuinua mkono kwa wepesi ule mwalimu anaoutarajia, hata kama ana swali zito moyoni. Mwombe mwalimu amwalike kwa jina, au awape watoto nafasi ya kuulizana wawili wawili kwanza. Nyumbani, akimaliza kusoma sura, muulize ameelewa nini, na umwache akuulize pia.

Hata hivyo, ikiwa ukimya huu umeanza ghafla, au analia kila muda wa chuo unapokaribia, chunguza mara moja kama anapigwa au kutishwa, iwe chuoni au shuleni.