Siku moja Marseille: orodha iweke mfukoni, anzia ngazi za Saint-Charles

Mkuu, umeuliza kama vituo kumi na viwili vya kutembelea ulivyoviandika vinawezekana Marseille, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, kati ya asubuhi na treni ya jioni. Vinawezekana, ila utauona mji kupitia simu yako. Mimi naishi Lyon, na nikichoka na kazi, Marseille ndiko ninakokimbilia, mara nyingi bila mpango wowote. Naupenda sana mji ule, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Ukishuka stesheni ya Saint-Charles, tokea kwenye ngazi kubwa. Zina vidato 104, na ukisimama juu yake unaliona kanisa la Notre-Dame de la Garde kilimani ng'ambo ya pili. Teremka moja kwa moja hadi barabara ya Canebière, kata kulia, utafika Vieux-Port, bandari ya zamani. Wagiriki kutoka Phocaea walitia nanga hapo yapata mwaka 600 kabla ya Kristo. Wahi asubuhi, maana wavuvi huuza samaki gatini na mapema tu wanakunja meza. Juu yako kuna paa la chuma linalong'aa kama kioo, kazi ya mbunifu majengo Norman Foster ya mwaka 2013. Inua macho, utauona umati wote kichwa chini miguu juu.

Kutoka hapo fuata miguu yako. Mimi napenda kuingia kwanza soko la Noailles, pembeni ya Canebière: viungo, mihogo, mint, kelele za Kiarabu na Kifaransa. Marseille ina Wakomoro makumi ya maelfu, na siku moja nilimsikia mama mmoja akivutana bei kwa Kikomoro, nikaelewa karibu nusu ya maneno. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akacheka, akauliza mimi ni wa Unguja au wa bara. Akanieleza kwamba baba yake alipata kazi melini, chumba cha mashine, akaishia kuoa na kuzeeka hapo. Si ajabu: meli za kampuni ya Messageries Maritimes zilitoka Marseille, zikapita Suez, zikashusha nanga Mombasa na Zanzibar kabla ya Komoro na Madagaska. Nilikaa naye muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye jumba lolote la makumbusho, na sikujutia hata dakika.

Hapo bandarini kuna kivuko kidogo kinachokatiza maji kutoka ukumbi wa jiji hadi Place aux Huiles. Ni dakika chache tu. Ukiwa upande ule, tembea mtaa wa Sainte ufike Four des Navettes, tanuri linalooka tangu 1781. Biskuti zake zina umbo la mtumbwi na harufu ya maua ya mchungwa, ngumu kidogo, za kutafuna huku unatembea. Kilima kikikutisha, basi namba 60 linakufikisha Notre-Dame de la Garde. Ingia ndani utazame juu: mifano ya meli inaning'inia, nadhiri za mabaharia walionusurika baharini.

Alasiri rudi upande wa kaskazini, upotee Le Panier, mtaa wa kale. Utaona vichochoro juu na majengo ya juzijuzi chini ukingoni mwa maji. Tofauti hiyo ina sababu chungu. Mwanzoni mwa 1943 Wajerumani, wakisaidiwa na polisi wa Ufaransa, waliwahamisha watu wapatao 20,000 kisha wakailipua mitaa hiyo ya chini. Pita hapo ukijua.

Mwisho wa kilima kuna ngome ya Saint-Jean, iliyounganishwa kwa daraja jembamba na jumba la makumbusho la MuCEM. Maonyesho ya ndani yanalipiwa, lakini bustani za ngome na paa la jumba ni bure, na mwanga wa jioni pale ni mzuri kupita kiasi.

Chakula: bouillabaisse (supu ya samaki) ya kweli ni ghali na inataka muda, iache. Nunua panisse, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa. Mpenda bhajia hutakosea. Upepo wa mistral ukivuma usihangaike na boti za visiwani, mara nyingi hazitoki. Siku ya namna hiyo panda basi namba 83 hadi Vallon des Auffes, ukae kwenye kibandari kile cha wavuvi mpaka saa ya treni. Wenyeji wengine wa huko mwongezee mwenzetu.