Ukiishi Massachusetts, usingoje Novemba

Mwaka 2018 nilikuwa na uraia mpya kabisa. Novemba nilitoka zamu ya usiku kwa wazee, nikasimama kwenye foleni hapa Lowell na sare ya kazi, nikapaka viduara wino kwa makini kama mtoto wa mtihani. Nilirudi nyumbani nikiamini nimemchagua mbunge.

Kumbe mbunge alishapatikana Septemba, mimi nikiwa nimelala.

Sisi tuliotoka Kenya ndio hatukupaswa kudanganyika. Nani hajui kwamba kwenye ngome ya chama, ukishinda mchujo kazi imekwisha? Massachusetts ina viti 9 katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, na tangu 1997 vyote vimekuwa vya Democrat. Mwaka ule, kwenye eneo letu la 3, mbunge wetu Niki Tsongas alikuwa anastaafu. Wademocrat kumi wakagombania tiketi. Lori Trahan alimshinda Dan Koh kwa kura 145, baada ya kuhesabiwa upya, na kura zake hazikufika hata robo ya zote. Kura 145! Harusi moja ya Wakenya hapa Lowell ina watu zaidi ya hao. Novemba alipita bila jasho.

Kwa hiyo jiandikishe mapema, na mahali pa chama unaweza kuandika kwamba huna. Usiogope, mchujo hautakufungia mlango. Ukifika mezani, karani anauliza mtaa na namba ya nyumba kwanza, jina baadaye, halafu anakuuliza unataka karatasi ya chama gani. Mara ya kwanza nilishtuka, nikadhani ni mtego. Kwetu swali hilo huulizwi na mtu mzuri. Taja chama chenye kinyang'anyiro. Ukitoka pale bado huna chama. Aliyejiandikisha Republican ndiye asiyeweza kuomba ya Democrat.

Novemba nayo usiitupe. Ile ya 2018 ilikuwa na swali la kupigia kura ya ndiyo au hapana, kuhusu idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi, na kwa sisi wa kazi hizi hilo lilituhusu kuliko jina lolote.

Mchujo wa 2018 uliangukia siku moja tu baada ya sikukuu ya wafanyakazi ya huku, wengi wetu tukiwa tumechoka na zamu za ziada. Siku hizi naomba kura ya posta. Fomu ya mchujo nayo inauliza chama, usiache pale wazi.